Barua kwa mwanangu: mfalme, rais na demokrasia

Mwanangu mpendwa,

Swali lako nimelipata: inakuwaje Japani na Norwei zihesabiwe nchi za kidemokrasia na zina wafalme, huku ziko jamhuri zenye rais na uchaguzi ambako raia hathubutu kufungua kinywa?

Umeanzia mlango usio wake. Ufalme au jamhuri hukueleza nani mkuu wa nchi na cheo amekipataje, basi. Katiba ya Japani iliyoanza kutumika 1947 inamtaja mfalme kuwa alama ya taifa, hana mamlaka ya kutawala. Korea Kaskazini nayo imejiandika jamhuri ya kidemokrasia. Kwa hiyo liache jina, uulize: serikali ikichokwa, inaondokaje bila damu kumwagika?

Katika mfumo wa kibunge, waziri mkuu hukaa kwa ridhaa ya wabunge. Uingereza, tarehe 28 Machi 1979, serikali ya James Callaghan iliangushwa kwa kura 311 dhidi ya 310. Kura moja! Ubaya wake ni kwamba vyama vikiwa vingi na vidogo, ni rahisi kuungana kubomoa na vigumu kukubaliana nani ashike. Ndiyo maana Wajerumani, katika katiba yao ya 1949, waliweka sharti kwamba wabunge hawamwondoi kansela, yaani mkuu wa serikali yao, mpaka wamchague mrithi wake kwa kura hiyohiyo. Helmut Kohl aliingia hivyo mwaka 1982. Kwangu mimi, ni kifungu cha akili kuliko vyote vya aina yake.

Marekani ni kinyume. Rais ana miaka yake 4, na kuchokwa hakutoshi kumwondoa. Baraza la Wawakilishi humshtaki kwa wingi wa kawaida, kisha Seneti lazima ifikishe theluthi mbili kumtia hatiani. Rais Andrew Johnson alipona 1868 kwa kura moja. Utulivu unapatikana, ila rais na bunge wakivutana hakuna wa kuwaamua na kazi hulala. Ufaransa imechanganya: rais huchaguliwa na wananchi, waziri mkuu huangushwa na bunge.

Usisahau namna ya kuhesabu. Pale ambapo kila jimbo mshindi hubeba vyote, kura za walioshindwa hazileti kiti. Uingereza, 2005, chama cha Labour kilipata asilimia 35 hivi ya kura na viti 355 kati ya 646. Hakuna aliyeiba; ndivyo kanuni ilivyo.

Sasa kuhusu hao wengi. Tunasema wengi wape. Wape serikali, ndiyo, lakini si haki ya kuwafungia mlango wachache ambao kesho huenda wakawa wengi. Machi 1933 bunge la Ujerumani lilipiga kura 444 kwa 94 kuipa serikali ya Hitler mamlaka ya kutunga sheria bila bunge. Kura zilihesabiwa, lakini wabunge wa Kikomunisti walikuwa wamezuiwa kuingia na wanamgambo wamejaa ukumbini. Hapo kuhesabu kura kulikuwa na maana gani?

Ukitaka kuipima katiba yoyote, anzia nyuma, kwenye kifungu cha marekebisho. Ikiwa wingi wa kawaida unatosha kuibadilisha, ukomo wa mihula ni wino tu. Kisha tazama nani anateua majaji na wajumbe wa tume ya uchaguzi, na hasa nani anaweza kuwaondoa. Jaji anayesubiri mkataba wake uongezwe na rais ataamua akiwa na jicho moja kwenye mkataba. Mwisho soma hali ya hatari: ni siku ngapi, na anayeirefusha ni nani. Ukikuta rais huitangaza mwenyewe na kuirefusha mwenyewe bila kupita bungeni, yaliyoandikwa kurasa za mbele kuhusu uhuru wa maoni hayana mlinzi.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Mama yako