Jibu: Sega Mega Drive (mashine ya michezo ya video), tundu la kuchomeka pedi ya kwanza (kidhibiti cha mkononi cha kuchezea) halishiki

Pole mkuu. Umesema vitufe vya mishale na B na C vinafanya kazi ila A na Start vimekufa, na ukiigandamiza plagi kwa kidole vinarudi. Basi usinunue pedi nyingine, pedi yako huenda ni nzima. A na Start husomwa kwa msaada wa pini ya 7 ya tundu, kwa hiyo anza na hiyo.

Fungua mashine, geuza bodi, tazama pini 9 za tundu lile chini ya mwanga mkali. Utaona kijiduara chembamba cheusi kuzunguka pini, kama ufa kwenye tope lililokauka. Hiyo ni risasi ya kulehemu iliyoachia baada ya miaka ya watoto kuvuta waya. Yangu hapa Dodoma ilikuwa na nyufa tatu, na vumbi la kiangazi limejaa humo.

Safisha kwanza kwa spiriti na mswaki wa zamani, uache pakauke kabisa. Kisha paka flaksi (dawa ya kusaidia risasi kushika), gusisha pasi ya kulehemu sekunde mbili au tatu, ongeza risasi kidogo. Tafadhali usikae na moto hapo, njia za shaba za bodi zile hubanduka na kuzirudisha ni kazi ya machozi.

Kabla ya kufunga, pima kwa mita ya umeme: pini ya 5 hadi ya 8 upate volti 5. Usipozipata, tuma picha ya bodi, tuitazame pamoja.