Maswali ya wasomaji: Mbona yeshiva ina kelele?

SWALI: Shikamoo mhariri. Katika Matendo 22:3 Paulo anasema alilelewa miguuni pa Gamalieli. Shule za Kiyahudi za namna ile bado zipo? Nimeona picha ya mojawapo, vijana wanasoma kwa sauti wote kwa pamoja na kubishana. Wanaelewana vipi?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Marahaba. Zipo, zinaitwa yeshiva, maana yake kikao. Sura yake ya sasa ilianzia Volozhin, Belarus ya leo, mwaka 1803. Rabi Chaim alifungua chuo kisichotegemea mji mmoja, kikaendeshwa kwa michango ya Wayahudi wa mbali na karibu. Serikali ya Urusi ilikifunga mwaka 1892, lakini mfano ulikwisha kuenea.

Hiyo kelele ndiyo kazi yenyewe. Talmud, yaani mkusanyo wa mijadala ya marabi juu ya sheria unaosomwa humo, imeandikwa bila irabu, na alama za vituo ni haba mno. Chukua neno letu "amekuja": sauti ikishuka ni taarifa, ikipanda ni swali. Ndivyo zilivyo sentensi nyingi mle. Anayesoma kimya huweza kugeuza swali likawa hukumu, akaendelea kurasa mbili bila kujua. Akisoma kwa sauti, mwenzake humkatiza palepale.

Wawili hao huitwa chavruta. Katikati ya ukurasa wa Talmud kuna Mishna, yaani sheria zenyewe, na Gemara, yaani mjadala juu yake. Upande wa mshono wa kitabu, maelezo ya Rashi wa Troyes, Ufaransa, aliyefariki 1105. Upande wa nje, Tosafot, yaani maelezo ya wanazuoni waliomfuata Rashi. Mmoja husoma sentensi na kuifasiri, mwingine humbana: hili ni swali, jibu au ushahidi? Ndipo wamtazame Rashi. Wakimkimbilia mapema, wanapata jibu la tatizo ambalo bado hawajaliona.

Kipindi kizito ni cha asubuhi, baada ya sala, na mara nyingi hufungwa kwa shiur, yaani somo la mwalimu. Kipo cha alasiri na cha usiku pia.

SWALI: Kikundi chetu cha Biblia kinaweza kujaribu?
Mama wa kikundi, Mafinga

JIBU: Kabisa, mama. Kaeni wawili wawili katika chumba kimoja, aya tano tu, dakika 40. Msibadilishe wenza kila wiki, kwani kuzoeana ndiko kunampa mtu ujasiri wa kupinga. Msimweke mchungaji na muumini mpya pamoja: mmoja atahubiri, mwingine ataitikia amina.