Firimwea yako mwenyewe ya ruta: usianze kwa kukompaili

Ndugu yetu wa Malindi ameuliza hivi: ana ruta nane za mitumba, anataka kuzitia OpenWrt (firimwea huria, yaani programu ya ndani inayoiendesha ruta) aliyoipika mwenyewe, jina la mtandao na neno la siri vikiwa tayari ndani, azifunge kwenye nyumba ya wageni. Ameshusha msimbo wote, akaandika make, amri ya kuukompaili (kuugeuza uwe programu), laptopu ikahema siku nzima na bando likaisha kabla imeji, faili zima la firimwea, haijatoka.

Pole, kaka. Nami hapa Lamu nilianza hivyo hivyo. Ukikompaili kila kitu, mfumo unajijengea kwanza kompaila ya prosesa ya ruta, kisha kerneli (kiini cha Linux), kisha vifurushi kimoja kimoja, na msimbo wa kila kimoja unashushwa mtandaoni. Niliiwasha baada ya isha, nikaamka alfajiri bado inasaga. Na mtego wenyewe huuoni mpaka baadaye: kerneli uliyoipika kwa mipangilio yako hukataa moduli za kmod (vipande vya kerneli, kama draiva) za ghala rasmi la OpenWrt, kwa kuwa alama zao hazilingani. Siku ukihitaji draiva ya modemu ya USB, unarudi jikoni.

Unachotaka wewe ni Image Builder, zana ya OpenWrt ya kuundia imeji. Humo kila kitu kimeshakompailiwa, kazi yako ni kuchagua kinachoingia na kinachotoka. Shusha ile ya toleo lako na ya chipu ya ruta yako hasa, ifungue kwenye Linux ya biti 64, andika make info upate jina la profaili ya modeli yako, halafu:

make image PROFILE="profaili_yako" PACKAGES="luci -ppp -ppp-mod-pppoe -wpad-basic-mbedtls wpad-mesh-mbedtls" FILES="files"

Kistari mbele ya jina maana yake kiache nje. Wpad, inayoshughulikia usalama wa Wi-Fi, ninaibadilisha kwa sababu ile ndogo haifungi meshi (ruta zikiungana zenyewe bila waya) kwa neno la siri. Baada ya dakika chache imeji iko mezani.

Utamu uko kwenye hiyo files. Chochote utakachoweka humo kinakwenda mahali pake: files/etc/banner inakuwa /etc/banner ya ruta. Ila usinakili /etc/config/wireless nzima kutoka ruta moja na kuibandika kwenye nyingine ya aina tofauti. Ndani yake mna njia ya redio ya kifaa kile, na kwingine redio haitawaka. Andika skripti fupi, uiweke files/etc/uci-defaults/. Yangu ina mistari kama hii (uci ni amri ya kubadili mipangilio):

uci set wireless.radio0.country='KE'
uci set wireless.default_radio0.ssid='Barazani'
uci commit wireless

Inaendeshwa mara moja tu, ruta inapowaka kwa mara ya kwanza, na ikimaliza salama inajifuta. Usisahau mstari wa kuwasha redio, maana kwa kawaida OpenWrt huja ikiwa imeizima. Na neno la siri linakaa wazi ndani ya imeji, basi usiipakie imeji hiyo popote kwa kumsaidia mwenzako.

Sasa kwa nini nahangaika na haya badala ya kupanga kila ruta kwa mkono? Kwa sababu ya kitufe cha reset. Nyumba ninayoihudumia Mkomani ni ya mawe ya kale, kuta nene za matumbawe, boriti juu. Mawimbi hayashuki ghorofa, basi kila ghorofa ina ruta yake, imekaa ndani ya kidaka. Mgeni mmoja aliona intaneti imelala, akachukua kalamu akabonyeza reset mpaka taa zikazima. Zamani hapo ningeitwa usiku. Lakini imeji ya OpenWrt imekaa kwenye SquashFS, mfumo wa faili usioandikika, na reset hufuta tu tabaka la juu lenye mabadiliko ya baadaye. Ruta ikarudi kwenye mipangilio niliyoipika mimi, jina lile lile, neno la siri lile lile. Mimi nilijua kesho yake, bi mkubwa mwenye nyumba aliponisimulia kwa kucheka.

Alishaniona nikiaibika kabla ya hapo. Nilikuwa na TP-Link TL-WR841N mbili, sura moja, na sikusoma toleo la maunzi kwenye kibandiko cha chini. Nikaitia moja imeji ya mwenzake, taa ikabaki moja imeganda. Nimekaa barazani na laptopu mapajani, bi mkubwa ananitazama: "Mwanangu, ndo kishakufa hicho?" Hakikufa. Niliipa laptopu anwani 192.168.0.66, nikawasha seva ya TFTP (ya kurushia mafaili kwenye mtandao) yenye firimwea sahihi kwa jina ambalo butiloda, programu ya kuiamsha ruta, inalitafuta, nikashika reset huku nikiiwasha ruta. Faili likavutwa, ikafufuka. Tangu siku ile hulinganisha kibandiko na jina la imeji mara mbili, na sha256sum, ya kuhakiki kuwa faili halijaharibika, sikosi.

Hizo 841N zenyewe sasa ni za kukandamizia karatasi zisipeperuke. OpenWrt ilianza 2004 juu ya msimbo wa Linksys WRT54G, uliotolewa hadharani kwa kuwa leseni ya GPL ya Linux iliyomo ndani ililazimisha, na ruta ile ilikuwa na fleshi (hifadhi ya ndani) ya 4 MB. Leo 4 MB na RAM ya 32 MB, kama za hizo 841N zangu, hazitoshi, toleo la 19.07 la mwaka 2020 ndilo la mwisho lililozibeba. Tafuta fleshi ya 16 MB kwa RAM ya 128 MB, au angalau 8 kwa 64.

Kukompaili kuache mpaka ubadilishe kerneli yenyewe, au uwe na ruta isiyomo kwenye orodha. Kwa kifurushi chako kimoja tu, SDK (zana za OpenWrt za kukompailia vifurushi peke yake) inatosha.

Tuma picha za vibandiko vya ruta zote nane, nikwambie zipi za kufunga na zipi za kumrudishia aliyekuuzia.