Maswali na Majibu: Sisi Tunaokota, Wao Wanatupa

SWALI: Ndugu Mshauri, mimi na mume wangu tunaishi Dar es Salaam, katika mtaa ulioko bondeni karibu na Mto Msimbazi. Tangu watoto wetu walipoanza maisha yao tumejiwekea desturi ya kutoka kila Jumamosi asubuhi tukiwa na viroba, reki na glovu, tukaokota taka kuanzia kijiwe cha bodaboda hadi kwenye kalavati. Mwanzoni majirani walitushangaa, kisha wakatusifu, na sasa wametuzoea kiasi cha kutufanya watumishi wao. Juzi kijana mmoja alimaliza maji, akaitupa chupa miguuni petu, na nilipomuuliza akanijibu, “Si mtaiokota Jumamosi, mama?” Wengine wananong’ona kwamba mume wangu anautaka uenyekiti wa mtaa. Linaloniumiza zaidi ni kwamba viroba tulivyovijaza hukaa kando ya barabara hadi mbwa wakavipasua, na taka zikarudi mtaroni. Mume wangu anasema tuendelee bila kumsikiliza mtu. Mimi naona tunajichosha bure. Kati yetu, nani yuko sahihi?
Mama wa Bondeni, Dar es Salaam

JIBU: Mama, nianze na viroba, kwa sababu hayo mengine yote yanatokana navyo. Kiroba kinachobaki kando ya barabara hadi kipasuke hakijaondoa taka mtaani. Kimezihamisha kutoka mtaroni na kuziweka mahali ambapo mvua inayofuata itazirudisha. Katika hilo wewe uko sahihi, na mume wako, pamoja na moyo wake mwema, anapaswa kukusikiliza kabla ya kushika tena reki.

Kama ilivyo katika mitaa mingi ya jiji lenu, taka za majumbani huzolewa na mkandarasi au kikundi kinachokusanya ada kwa kila kaya, kisha hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, na safari hiyo ni ndefu na ya gharama kwa gari linalotoka mabondeni. Katika vichochoro ambako gari haliingii, kazi hufanywa na vijana wenye toroli au guta ambao huzifikisha taka hadi barabara kubwa. Taka mnazookota nyinyi hazimo katika hesabu hiyo: hazina kaya inayozilipia, kwa hiyo mzoaji huziona na kuzipita. Nendeni wote wawili kwa Mtendaji wa Mtaa, muulize ni nani mwenye mkataba wa kuzoa taka katika eneo lenu, gari linapita siku gani, na kama mkataba unagusa taka za mitaroni na za kando ya barabara au za majumbani peke yake. Majibu hayo yaombeni kwa barua, na nakala mpelekeeni Afisa Afya wa kata. Kisha hamisheni siku yenu. Kama gari linapita Jumanne asubuhi, okoteni Jumatatu jioni, ili viroba vilale nje usiku mmoja tu. Najua Jumamosi ina utamu wake kwa watu wazima waliochoka na wiki, lakini mbwa hawaangalii kalenda.

Msione haya kudai. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mkazi haki ya kuishi katika mazingira safi na salama, na sheria hiyo hiyo inamwekea kila mtu wajibu wa kuyalinda mazingira, huku usimamizi wa taka ngumu ukiwekwa mikononi mwa mamlaka za serikali za mitaa. Wajibu wenu mmeutimiza kupita kiasi. Hatari ninayoiona katika juhudi za kujitolea za namna hii ni kwamba mtu aliyelipwa kufanya kazi huzoea kufanyiwa, na wananchi nao husahau kwamba kuna mtu aliyelipwa. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ambayo nchini mwetu imetengwa kuwa siku ya usafi, iachieni ile kazi kubwa ya kalavati, kwa kuwa siku hiyo uongozi wa mtaa ndio wenye jukumu la kuwatoa watu nje na kutafuta gari. Nyinyi siku hiyo muwe wakazi kama wakazi wengine.

Sasa tuviangalie viroba vyenyewe. Yeyote aliyewahi kuzibua kalavati anajua kwamba uchafu wa pale hautoki kimoja kimoja: unavuta ncha ya khanga chakavu, na kwa nyuma linafuata donge zima la makopo yaliyojaa matope, makuti, vifuko vya karanga na pampasi zilizonywa maji hadi zikawa nzito kama tofali, yote yamesukana na mchanga. Ukilimwaga donge hilo juu ya turubai na kulichambua, utajua mambo ambayo hakuna semina itakayokufundisha. Jijini mwenu asasi ya Nipe Fagio hufanya kazi ya namna hiyo baada ya usafishaji, ikizihesabu taka kwa aina na kwa chapa za kampuni zilizozitengeneza, ili ijulikane zinatoka kwa nani. Nyinyi hamhitaji ukubwa huo. Chagueni kiroba kimoja, kichambueni, na matokeo yaandikeni katika daftari. Mkikuta vifungashio vya chipsi ndivyo vingi, mnajua ni banda lipi la kuzungumza na mwenyewe. Mkikuta pampasi ndizo nyingi, basi kuna kaya zenye watoto wachanga ambazo hazina pa kuzitupa au hazilipi ada, na hilo ni jambo la mjumbe na Mtendaji, halimalizwi na reki.

Nalisisitiza daftari kwa sababu tunao ushahidi wa karibu kwamba taka hukoma pale inapozibwa njia inakoingilia. Kumbuka vile vifuko vidogo vya pombe kali vilivyoitwa viroba. Vilikuwa vimetapakaa kila kijiwe na kila mtaro, na watu waliviokota bila kuvimaliza. Serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017 vikaanza kutoweka mitaroni bila mtu kuhubiriwa. Mifuko ya rambo, ile ya plastiki ya kubebea, nayo ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, ikapungua sana, ingawa vifungashio vyepesi visivyo na mikono vilichukua sehemu ya nafasi yake, jambo ambalo mtaro wenu wenyewe unaweza kuwathibitishia. Kwa hiyo mtu anayeokota na kuandika ana faida maradufu kuliko anayeokota peke yake, kwa kuwa siku ya mkutano wa wakazi atasimama na takwimu za mtaa wake mwenyewe, na mwenyekiti atashindwa kumjibu kwa maneno matupu.

Makopo yasiyojaa tope yatengeni katika kiroba chake, na msiyauze. Wapo watu wanaoishi kwa kuyaokota na kuyauza kwa kilo, na mkiyachukua nyinyi kwa ajili ya kuchangia mfuko wenu mtakuwa mmemnyang’anya mtu chakula kwa jina la usafi. Mpeni mwokota makopo mmoja anayepita mtaani kwenu, mwelewane siku, na mtashangaa jinsi atakavyokuwa msaidizi wenu, kwa sababu anavijua vichochoro vyote na anajua kila taka inakotupwa usiku.

Kuhusu kijana wa chupa, mama, usimfanyie hasira. Amesema kwa sauti yale ambayo majirani wengi wameyafikiri kimya kimya. Mwite yeye na wenzake wa kijiweni, waambie mmeamua kwamba eneo la kijiwe hamtaliokota tena, na kwamba mko tayari kuwachangia pipa iwapo mmoja wao atakubali kulitoa nje siku ya gari. Sharti hilo la pili msiliache, kwani pipa lisilo na mtu wa kulimwaga hugeuka jalala kwa muda mfupi sana. Kisha litimizeni neno lenu. Eneo hilo litachafuka kwa muda, nanyi mtaumia kulipita, lakini mkirudi kuliokota kwa huruma mtakuwa mmemthibitishia kijana kwamba alisema kweli.

Uvumi wa uenyekiti ni mdogo kuliko unavyoonekana. Mume wako aseme mara moja tu, mbele ya mkutano, kama ana nia hiyo au hana; na kama anayo, si dhambi, ila basi kazi ya daftari ishikwe na mtu mwingine. Msivae fulana wala kofia za chama chochote mkiwa kazini, na msipokee glovu wala reki kutoka kwa mtu anayetafuta kura.

Nina wasiwasi mkubwa zaidi juu ya afya yenu kuliko juu ya minong’ono. Maji ya mtaroni yana kinyesi, na penye taka pana panya, ambao mkojo wao hueneza ugonjwa wa leptospirosisi, ule uliojulikana nchini kama homa ya mgunda ulipozuka mkoani Lindi mwaka 2022. Vimelea vyake hupenya kwenye michubuko na nyufa za ngozi, kwa hiyo mtu mwenye nyufa za visigino asiingie mtaroni na kandambili. Avae gambuti, na akitoka anawe kwa sabuni kabla ya kushika chochote cha kula. Mfuko uliofungwa fundo msiukamate wala kuukandamiza kwa mkono, maana ndani yake huenda mna chupa iliyovunjika au sindano. Unyanyueni kwa chepe. Sindano mnazoziona waziwazi zitieni ndani ya dumu gumu lenye kifuniko na mulipeleke zahanati. Ulizeni huko huko kuhusu chanjo ya pepopunda. Vifuu, matairi na makopo yaliyotuama maji yamwageni kwanza kabla ya jambo lolote, kwa sababu mbu wa homa ya dengue huzaliana humo, nanyi wa Dar es Salaam mliuona ugonjwa huo mwaka 2014 na tena 2019. Na hata gari lichelewe vipi, msiwashe moto: moshi wa plastiki una sumu, na wa kwanza kuuvuta ni nyinyi wenyewe.

Linabaki la nyinyi wawili. Mume wako hajakosea kupuuza maneno ya watu, ila asiupuuze uchovu wako. Kubalianeni mpaka wa eneo na mpaka wa saa, na mmoja akiamka hana hamu, mwenzake aende peke yake au abaki, bila kununiana.

SWALI: Mimi na mchumba wangu wa hapa Mwanza tunakusudia kuanza kusafisha mwalo, yaani pwani ya ziwa wanakoshusha samaki, ulio karibu nasi. Rafiki yetu aliyeishi Kigali anatushauri tuige umuganda wa Rwanda, ile kazi ya pamoja ya wakazi. Je, unafaa kuigwa na watu wawili?
Msomaji, Mwanza

JIBU: Kwa sehemu. Umuganda hufanyika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, asubuhi, kwa muda wa takriban saa tatu, na ni wajibu kwa wenye umri wa miaka 18 hadi 65. Nguvu hiyo ya lazima nyinyi hamnayo, na mkijaribu kuwalazimisha wavuvi na wachuuzi wa dagaa mtafukuzwa mwaloni. Lakini kazi ya umuganda ikiisha watu hukaa chini wakazungumzia mambo ya eneo lao, na hilo ndilo la kuiga. Okoteni kwa muda mfupi, kisha kaeni na watu wa mwalo, ikiwezekana kwa chai, muwaulize vipande vya nyavu na kamba za nailoni huishia wapi. Nyavu hizo zisizooza ndizo za kuanza nazo, kwa sababu zikirudi majini huendelea kunasa samaki bila mvuvi.

SWALI: Mimi na mke wangu huokota taka ufuoni, hapa Mombasa, lakini nyingi huletwa na bahari, na kesho yake huwa zimerudi. Marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Mbona plastiki haipungui ufuoni, na je, kuna haja ya kuendelea?
Baba wa Nyali

JIBU: Marufuku ile iligusa mifuko ya kubebea, haikugusa chupa, vifuniko, ndara wala vyombo vya plastiki, na bahari haina mpaka wala forodha. Endeleeni, hasa wakati wa kusi, zile pepo za kusini, bahari inapochafuka na kutupa mengi ufuoni, kwa sababu kila kipande mnachokiondoa leo ni kipande ambacho jua halitakivunja kuwa chembe zisizookoteka. Ndara zilizookotwa zina kazi: zile ndara zipatazo 30,000 zilizolifunika jahazi la Flipflopi, lililotengenezwa Lamu kwa plastiki iliyorejelewa na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, ziliokotwa fuoni kama mnavyofanya nyinyi.

Nina ombi moja tu la kitaalamu. Majani ya baharini yaliyorundikana ufuoni yaacheni palepale, ingawa yananuka na wageni wa mahoteli huyalalamikia, kwani yanauzuia mchanga usichukuliwe na mawimbi na ni chakula cha viumbe wadogo. Okoteni plastiki iliyomo ndani yake kwa mkono. Juu ya mstari wa maji makuu msitumie reki kabisa, kwa sababu huko ndiko kasa hufukia mayai yao, na meno ya reki hayachagui.