Maswali na majibu: Mbona Wamisri wa kale wana miguu miwili ya kushoto?

Swali: Michoro ya Misri ya kale huonyesha uso umegeuka pembeni, lakini jicho na mabega vinatutazama sisi. Hawakujua kuchora? (Msomaji, Tanga)

Jibu: Walijua, tena kutuzidi wengi wetu. Katika michoro ya kaburi la Nebamun, karani aliyeishi Thebes yapata mwaka 1350 KK, yumo paka aliyekamata ndege kwa mdomo na kwa kucha, na manyoya yake karibu uyaguse. Lakini Nebamun mwenyewe, hapo hapo kando ya paka, amechorwa kwa kanuni hiyo unayoiulizia.

Sababu ni kazi ya picha. Mchoro wa kaburini haukuwa pambo la kufurahisha wageni. Ulikuwa riziki ya marehemu huko aendako, na riziki haitakiwi ipungue kitu. Kila kiungo kikaonyeshwa kwa upande unaokitambulisha upesi: pua kwa pembeni, jicho kwa mbele, mabega yote mawili, miguu ikitembea. Mara nyingi nyayo zote mbili huonyesha upande wa kidole gumba, utadhani mtu kazaliwa na miguu miwili ya kushoto. Tazama na bustani ya huyo huyo Nebamun: bwawa limechorwa kama lionekanavyo kutoka juu, samaki na bata waliomo wanaonekana ubavu, na miti imezunguka kingo, mingine imelala kabisa. Wapo wanaoona vurugu hapo. Mimi naona mchoraji katupa ramani na picha kwa pamoja.

Swali: Iweje miili yote iwe na vipimo vile vile?

Jibu: Kama umewahi kumwona seremala akipiga ngeu kwenye ubao, nusu ya siri unayo. Mafundi wa Misri walichovya uzi katika rangi nyekundu, wakauvuta ukutani, wakauachia. Mistari ikipishana, inapatikana miraba. Kwa karne nyingi mtu aliyesimama alipewa miraba 18 kutoka unyayo hadi pale nywele zinapoanzia juu ya paji la uso, na aliyeketi 14. Goti lilikaa kwenye mstari wa sita. Hivyo mafundi kadhaa waliweza kugawana ukuta mmoja na bado mkono ukalingana na bega. Baadaye sana, enzi ya nasaba ya 26 (ukoo wa 26 wa wafalme wa Misri), hesabu ikawa 21, ikiishia kwenye kope ya juu.

Kaburi la Horemheb, kwenye Bonde la Wafalme, liliachwa kabla halijakamilika, na mpaka leo unaona michoro ya kwanza kwa wekundu na masahihisho juu yake kwa weusi. Ni kama daftari lililopita kwa mwalimu, ila hapa mwalimu ndiye mwenye wino mweusi.

Swali: Mbona mke huchorwa mdogo kama mtoto?

Jibu: Ukubwa ulikuwa cheo, si kimo. Kwenye hekalu kubwa la Abu Simbel, malkia na watoto wa Ramses II hawafiki hata magoti ya mfalme. Sogea hadi hekalu dogo la jirani: sanamu za malkia Nefertari zinakaribia kulingana na za mumewe. Si jambo la kila siku.

Swali: Wanaume wekundu, wanawake wa manjano. Walikuwa watu wa asili mbili?

Jibu: Hapana, ni kanuni ya rangi tu. Mungu Osiris naye ana ngozi ya kijani.

Swali: Ni kweli mfalme Akhenaten alizivunja kanuni zote?

Jibu: Alizibadilisha, kisha akaziheshimu zake. Alitawala karibu miaka ya 1353 hadi 1336 KK, na mafundi wake walimchora uso mrefu, tumbo lililolegea na mapaja mazito, akiwapakata binti zake chini ya jua ambalo miale yake inaishia kwenye viganja vya mikono. Mfalme kumbusu mtoto ukutani! Hata hivyo miraba ilibaki, ila ikaongezwa kufikia 20. Alipofariki, haikuchukua muda mafundi wakaanza kurudia mambo ya zamani.

Swali: Hao mafundi hawakuwahi kuchora kwa kujifurahisha?

Jibu: Walichora sana. Waliojenga na kupamba makaburi ya wafalme waliishi kijiji cha Deir el-Medina, na vipande vya mawe ya chokaa vilivyozagaa huko ndivyo vilikuwa karatasi zao. Kimoja kina panya ameketi kama mheshimiwa, na mbele yake paka amesimama wima, anampepea huku akimkabidhi bata bukini aliyekwisha kunyonyolewa.