Ushuru wa Raha: Maswali Yenu

Barua za mwezi huu zimegusa jambo moja kwa njia nyingi: kwa nini raha ndogo ya mtu inatozwa ushuru wa pekee, na je, ni haki? Nimechagua sita. Nyingine nimezijibu kwa simu.

Swali: Mimi huuza mboga hapa Kayole, Nairobi. Jioni huwawekea watoto katuni kwenye simu ili nipike kwa utulivu. Jirani ananiambia bando linatozwa ushuru sawa na pombe. Ni kweli? – Mama wa watatu

Jibu: Viwango havilingani, mama, lakini jirani yako hajakosea sana. Data na muda wa maongezi viko katika orodha ileile ya ushuru wa bidhaa yenye bia, sigara na kamari. Mwaka wa 2021 kiwango kilipandishwa hadi asilimia 20, kisha Sheria ya Fedha ya 2023 ikakishusha hadi 15. Na ushuru huo hauji peke yake. VAT (ushuru wa ongezeko la thamani) ya asilimia 16 huhesabiwa juu ya bei ambayo tayari imeongezwa ule wa kwanza, kwa hiyo unalipia ushuru juu ya ushuru.

Chukua kalamu tuhesabu. Huduma ya shilingi 100 inakuwa 115, kisha VAT inaifikisha 133 na senti 40. Sasa geuza hesabu: ukinunua bando kwa noti ya mia, karibu shilingi 25 zimekwenda kwa serikali kabla katuni haijaanza.

Ushuru wa bidhaa hutetewa kwa sababu mbili: kitu ni anasa, au kina madhara ambayo jamii nzima hulipia baadaye. Sigara inaeleweka. Pombe kali inaeleweka. Katuni ya watoto watatu waliokaa kitandani huku jiko likiwaka hatua mbili kutoka walipo iko upande gani? Mtoto wa Lavington ana bustani, ana bembea, ana gari la kumpeleka Naivasha Jumamosi. Kwa mtoto wa chumba kimoja Kayole, simu ya mamake ndiyo bustani. Asilimia ni ileile kwa wote wawili, lakini shilingi 25 kutoka kwa anayepata mia tano kwa siku ni mboga ya jioni. Kifungu cha 201 cha Katiba kinasema mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Hapa, kwa maoni yangu, haujagawanywa kwa haki, na nitaendelea kulisema hilo.

Swali: Nina kibanda cha gemu Umoja, skrini mbili tu. Kila mwezi huja mtu tofauti akidai "ushuru wa burudani", ananiandikia karatasi na kuondoka na pesa. Nilipe au nikatae? – Kijana wa Umoja

Jibu: Nilipita kwako Jumamosi, kaka, na nashukuru kwa kiti. Kwa wasomaji ambao hawajaingia kibanda cha aina hii: ni mabati, benchi moja, na pedi zilizofungwa utepe mweusi pale zilipopasuka. Mechi moja ni shilingi 20. Anayesubiri zamu huweka sarafu yake juu ya televisheni, na safu ya sarafu ndiyo foleni. Nilihesabu sarafu saba. Hakuna aliyegombana, na hakuna aliyegusa sarafu ya mwenzake.

Sasa sheria. Kifungu cha 209 cha Katiba kimeiachia serikali ya kitaifa ushuru wa mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa. Kaunti zimepewa ushuru wa ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na mwingine wowote zitakaoruhusiwa na Bunge. Kwa hiyo neno "ushuru wa burudani" halikubuniwa na huyo mgeni wako. Kaunti ina uwezo huo. Lakini Kifungu cha 210 kinasema hakuna ushuru utakaotozwa isipokuwa kwa mujibu wa sheria. Uwezo wa kutoza haumpi mtu yeyote mwenye kitabu cha risiti ruhusa ya kuingia kibandani mwako.

Akija tena, muulize kwa upole: ni sheria gani, ya mwaka gani, na kiwango kimeandikwa wapi? Kisha mwambie utalipa kwa njia rasmi ya kaunti, kupitia mfumo wa NairobiPay, si mkononi. Ukisikia "leo tunachukua taslimu tu", usitoe hata shilingi. Karatasi ulizonazo zihifadhi, nami nimezipiga picha. Kumbuka pia kwamba leseni ya biashara ni jambo jingine. Hiyo lipa, kwa sababu ukikosa leseni unampa mtu kama huyo mlango wa kuingilia.

Tukiacha sheria, kuna suala la haki. Anayetoza kila skrini kiasi kimoja anakutendea wewe sawa na jumba la michezo lililo ndani ya maduka makubwa, ambako saa moja hulipiwa mamia. Ushuru wa burudani, kama lazima uwepo, ufuate bei ya tiketi, na burudani ya chini ya shilingi 200 isiguswe kabisa. Zile sarafu saba zilikuwa shilingi 140 kwa jumla. Atakayetoza fungu la hizo atakusanya nini?

Swali: Mimi ni kinyozi. Leseni ya muziki ninaolipishwa kwa kucheza nyimbo dukani, je, ni ushuru huu huu? – Githurai

Jibu: Hapana. Hiyo ni malipo ya hakimiliki, na inapaswa kumfikia mwanamuziki. Ushuru huenda kwa serikali. Dai risiti kwa vyote viwili, na usivichanganye.

Swali: Naweka mkeka wikendi kwa kujifurahisha, shilingi hamsini au mia. Mbona serikali hubadilisha ushuru wa kamari kila mwaka, na mbona hulitetei hili kama unavyotetea bando? – Shabiki, Embakasi

Jibu: Umeniuliza kwa haki, nami nitakujibu waziwazi. Ushuru wa bidhaa kwenye dau ulikuwa asilimia 7.5 mwaka wa 2021, ukawa 12.5 mwaka wa 2023, na 15 mwishoni mwa Desemba 2024. Kuanzia Julai 2025 mtindo ukabadilika: sasa ni asilimia 5 ya pesa unazoweka kwenye akaunti ya kamari, na ule wa asilimia 20 kwenye ushindi ukabadilishwa kuwa asilimia 5 ya pesa unazotoa.

Sitetei kamari kwa sababu nimeona inachofanya. Jirani yangu mmoja aliuza godoro. Si mfano wa kutunga. Nililiona likishushwa ngazi mchana, na mkewe akiwa kazini. Kitu kinachofanya hivyo kitozwe, na kitozwe vizuri.

Lakini huu mtindo mpya una kasoro. Zamani ushuru wa asilimia 20 ulimkuta aliyeshinda. Sasa aliyeweka elfu moja, akapoteza mia nne na kutoa zilizobaki, naye anakatwa wakati wa kutoa, ingawa amekula hasara. Na anayeiacha pesa ndani ili asikatwe atazidi kuicheza. Ukitaka kumzuia mtu asizame, usimtoze mlangoni anapotoka. Ningerudisha ule wa ushindi.

Swali: Nchi nyingine zinafanyaje? – Mwanafunzi, Kahawa Wendani

Jibu: Uingereza ilianza kutoza tiketi za burudani mwaka wa 1916, katikati ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ili kugharamia vita. Vita viliisha 1918. Ushuru ulifutwa 1960. Mkumbuke huo mwanya wa miaka 42 kila mnapoambiwa kwamba ushuru fulani ni wa dharura.

Jiji la Chicago nchini Marekani lilikuwa likitoza tiketi za burudani kwa miaka mingi, na mwaka wa 2015 likaupeleka ushuru huo wa asilimia 9 hadi kwa filamu na muziki wa mtandaoni. Mtu anaweza kusema ni usawa: anayeenda ukumbini analipa, na anayetazama nyumbani alipe pia. Nauelewa ukweli wake. Ila usawa huo ungeweza kupatikana pia kwa kumpunguzia yule wa ukumbini.

Jirani zetu Waganda ndio mfano ulio karibu zaidi. Julai 2018 serikali yao iliweka shilingi 200 za Uganda kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii. Kiasi kilikuwa kimoja kwa wakili na kwa mwendesha boda. Wengi wakajificha kwa VPN, yaani programu ya kuficha mtandao unaotumia, na mwaka wa 2021 ushuru huo ukaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na asilimia 12 kwenye data. Yaani ulitoka mlango mmoja ukaingia kwa mwingine, na sisi wa Nairobi hatuna cha kuwacheka, kwa maana wetu ni 15.

Swali: Mwenye pesa ya konsati ana pesa ya ushuru. Heri watoze raha kuliko mkate. Mbona unawatetea wapenda starehe? – Mzee, Buruburu

Jibu: Mzee wangu, ingekuwa ni kuchagua kati ya mkate na konsati, ningesimama nawe. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka mkate utozwe VAT ya asilimia 16, watu wakalia, na pendekezo likaondolewa. Nilikuwa miongoni mwa waliolia.

Tena tiketi ya konsati haijasamehewa. Ya shilingi 5,800 ina VAT ya 800 ndani yake ikiwa mwandalizi amesajiliwa, na mwenye mauzo ya zaidi ya milioni tano kwa mwaka ni lazima asajiliwe. Kaunti ikiongeza kidogo juu ya tiketi za bei hiyo, na pesa hizo zikaonekana kwenye paa na vyoo vya kumbi za kijamii kama ule wa Kaloleni, sitapinga. Ninachokataa ni kuwaweka kapu moja mwenye tiketi ya 5,800 na mtoto mwenye sarafu ya 20, tukawaita wote wapenda starehe. Yule mtoto hana starehe nyingine.

Mswada wa Fedha huletwa Bungeni kufikia mwisho wa Aprili, na wananchi huitwa kutoa maoni kabla haujapitishwa. Mama wa Kayole, anza leo kuandika kila bando unalonunua, tarehe na bei. Mzee, ukikubaliana nami angalau juu ya yule mtoto, andika mistari miwili. Kijana wa Umoja tayari ana karatasi zake. Nileteeni nakala zenu, nitazipeleka pamoja na yangu.