Ramani Imelala, Anga Imesimama: Majibu kwa Marubani Wanafunzi

Barua za mara hii karibu zote zimeangukia ramani. Nimezipunguza hadi saba na kufupisha maneno ya waulizaji. Nyingi, ukizichungua, zina shida moja: karatasi imelala mezani, lakini anga inayochorwa juu yake imesimama, ina sakafu na ina dari. Anayeisoma kama ramani ya barabara atajua yuko wapi, asijue yumo ndani ya nini.

Mwalimu, shikamoo. Nimepima umbali kwa kuhesabu dakika za longitudo kando ya mstari wa safari, nikapata maili 58. Mkufunzi wangu amepata 41. Nani kakosea?

Marahaba. Umekosea wewe, ila usihuzunike, nami nilikosea hivyohivyo nilipokuwa mwanafunzi, tena nikabishana nusu saa nzima.

Dakika moja ya latitudo ni takriban maili moja ya baharini, yaani mita 1,852, popote ulipo duniani. Dakika ya longitudo haina uaminifu huo. Mistari ya longitudo huachana kwenye ikweta na kukutana kwenye ncha za dunia, kwa hiyo dakika yake husinyaa kadiri unavyoiacha ikweta. Kwenye latitudo ya 45 imebaki takriban asilimia 71 ya maili, kwenye ya 60 ni nusu. Maili zako 58 zikizidishwa kwa 0.71 zinatoa 41, kwa hiyo naweza hata kubahatisha unakorukia. Anayejifunzia karibu na ikweta haoni kosa, kwa kuwa huko vipimo viwili hukaribiana mno. Tabia mbaya inamkaa mkononi hadi siku aende mbali.

Fungua bikari kwenye umbali wako, kisha ipeleke kwenye mstari wima wenye alama za latitudo, karibu na eneo la safari. Ukitumia rula ya urubani, hakikisha unasoma upande wa kipimo cha ramani yako. Maili moja ni milimita 3.7 kwenye ramani ya 1:500,000 na milimita 7.4 kwenye ya 1:250,000. Ukisoma upande usio wake, jibu litakuwa nusu au maradufu, na mafuta yako pia.

Nimekariri herufi A hadi G za madaraja ya anga lakini mtihani ukizigeuza kidogo napotea. Kuna njia ya kuzielewa?

Ipo, nayo ni kuacha kukariri majina na kuiuliza kila herufi maswali mawili: je, lazima niombe idhini kabla ya kuingia? Na nikishaingia, nani ananitenganisha na wengine?

A ni ya wanaoruka kwa vyombo tu, IFR. Wewe unayeruka kwa kuona, VFR, mlango umefungwa. B, C na D zote zinakutaka uwe na redio na upewe idhini kabla ya kuvuka mstari. Tofauti iko kwenye swali la pili. Kwenye B waongoza ndege wanamtenganisha kila mtu na kila mtu. Kwenye C wanakutenganisha na ndege za IFR, ila VFR mwenzako unaambiwa tu yuko wapi. Kwenye D hutenganishwi na yeyote: unapewa habari za wengine, macho ni yako. Wanafunzi wengi huisikia sauti ya mwongoza ndege wakiwa ndani ya D wakadhani wamebebwa. Hamjabebwa.

E ndiyo inayowachanganya watu, na haki yao. Ni anga inayodhibitiwa, lakini kwa utaratibu wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, rubani wa VFR anaingia bila idhini na bila kulazimika kuwa na redio. Kwa hiyo ndege kubwa ya IFR inaweza kuchomoka kwenye wingu ikiwa chini ya uongozi kamili, na mbele yake ukawepo wewe, kimya, ukiwa hujavunja sheria yoyote. Hapo ndipo kanuni ya kukaa mbali na mawingu inapopata maana: mita 1,500 kwa mlalo, futi 1,000 kwa wima, na uwezo wa kuona kilomita 5 ukiwa chini ya futi 10,000, au kilomita 8 ukiwa juu ya hapo. Chini ya futi hizo 10,000 mwendo wa ndege umewekewa kikomo cha maili za baharini 250 kwa saa. Piga hesabu: kwa mwendo huo mita 1,500 zinaisha chini ya sekunde 12. Ndizo sekunde mlizopewa kuonana na kukwepana. Tangu nilipoipiga hesabu hiyo sijawahi tena kuona mita 1,500 kuwa ukali wa sheria.

F inatoa ushauri tu na nchi nyingi hazina habari nayo. G haidhibitiwi. Nchi hailazimiki kutumia herufi zote, na baadhi huongeza maeneo ambamo redio au transponda, kifaa kinachoijibu rada, ni lazima hata kama herufi haisemi hivyo. Kwa hiyo soma na maandishi ya pembeni.

Kwenye ramani pameandikwa FL65 kama sakafu ya anga. Niliruka futi 6,000 kwa altimita yangu, nikaambiwa nimeingia bila idhini. Futi 6,000 si chini ya 6,500?

Swali hili ningelipa zawadi kama ningekuwa na bajeti.

FL, yaani kiwango cha kuruka kinachoandikwa kwa mamia ya futi, si futi kutoka usawa wa bahari. Ni futi ambazo altimita ingesoma kama ungeiweka kwenye kanieneo la hewa la kawaida, hektopaskali 1013.25. Altimita yako siku hiyo uliiweka kwenye QNH, yaani kanieneo halisi la eneo lililorejeshwa usawa wa bahari, ndiyo maana ilikusomea mwinuko wa kweli, au karibu yake. Viwango hivyo viwili huelewana siku QNH ikiwa 1013. Siku nyingine zote vinaachana, kwa futi 27 hivi kwa kila hektopaskali moja.

Tuseme QNH ilikuwa 993. Pungufu ni hektopaskali 20, sawa na futi 540. Sakafu ya FL65 siku hiyo haikuwa futi 6,500 bali takriban 5,960. Ulikuwa futi 40 ndani ya nyumba ya watu, ukiamini umepita chini kwa nafasi ya futi 500. Kanieneo likishuka, sakafu zote zilizoandikwa kwa FL hushuka nalo, na ramani haiwezi kukuambia hilo kwa sababu ilichapwa kabla ya hali ya hewa ya siku yako kuzaliwa.

Basi kila unapoona kikomo cha anga, uliza namba hiyo inahesabiwa kutoka wapi. ALT au AMSL ni kutoka usawa wa bahari. AGL ni kutoka ardhini, na ardhi ikipanda kilima sakafu hiyo hupanda nayo. SFC au GND maana yake anga inaanzia kwenye majani. FL umeshaiona. Umbo la kawaida kuzunguka uwanja mkubwa ni uyoga: shina ni eneo la udhibiti, CTR, linalogusa ardhi na kwa kanuni hufika angalau maili 5 za baharini kutoka uwanjani kwa upande ndege zinakotokea, kofia yake ni anga pana zaidi inayoanzia juu, na kamwe isiwe chini ya futi 700 kutoka ardhini. Rubani mdogo husafiri chini ya kofia. Ni halali kabisa, mradi anajua kofia hiyo iko juu kiasi gani siku hiyo.

Ushauri wangu ni huu: ukishachora mstari wa safari, chora chini yake kwenye karatasi nyingine picha ya ubavuni, ardhi chini, vipande vya anga juu, na mwinuko wako ukipita katikati. Inachukua dakika kumi. Wanafunzi wangu huilalamikia hadi siku inapowaonyesha kitu.

Ile namba kubwa katikati ya kila mraba, 4 kubwa na 7 ndogo, ina maana nikiruka futi 4,700 niko salama?

Hapana! Kwenye ramani nyingi za VFR namba hiyo ni mwinuko wa kitu kirefu kuliko vyote ndani ya mraba, kilima au mlingoti, kikikadiriwa kwenda juu kidogo. Ukiruka futi 4,700 unaweza kukigusa kwa magurudumu. Zipo ramani nyingine ambazo namba inayofanana imeshaongezwa futi 1,000 za usalama, au 2,000 penye milima. Macho hayawezi kutofautisha. Ufunguo wa ramani ndio unaosema. Kumbuka pia kwamba vizuizi vifupi, aghalabu chini ya futi 200 au 300 kutoka ardhini kutegemea nchi, havichorwi kabisa, na nyaya za umeme zinazokatiza bonde hazina huruma.

Kaskazini ziko ngapi jamani?

Tatu zinakutosha. Ile ya ramani, inayofuata longitudo, ndiyo kaskazini halisi. Ya pili ni ya sumaku, na tofauti yake na ya kwanza husomwa kwenye mistari ya nukta inayokatiza ramani. Ya tatu ni ile inayosemwa na dira ya ndege yako, ambayo huvutwa kidogo na vyuma na nyaya zake. Marekebisho yake yako kwenye kikadi kilichobandikwa karibu nayo. Tofauti ikiwa ya mashariki toa, ya magharibi ongeza. Njia yako halisi ni 074 na tofauti ni digrii 3 magharibi? Njia ya sumaku ni 077.

Mtego uko kwenye upepo. Utabiri wa upepo wa juu na taarifa zilizoandikwa za hali ya hewa hutumia kaskazini halisi. Upepo unaosomewa na mnara ukitua ni wa sumaku, kwa sababu namba ya njia ya kurukia nayo ni ya sumaku. Fanya hesabu ya upepo kwenye digrii halisi kwanza, kisha ndipo ugeuze.

Ramani za kisasa huchorwa kwa namna ambayo mstari ulionyooka hukaribia sana njia fupi ya kweli, ila longitudo huegemeana. Kwa safari ndefu pima pembe katikati ya njia, si mwanzoni.

Maeneo yenye herufi P, R na D kwenye ramani: nikikuta hazina mtu, naweza kukatiza?

P, eneo lililopigwa marufuku, hukatizi. R, eneo lenye vizuizi, inaingilika kwa masharti yake tu. D, eneo la hatari (si ile D ya madaraja ya anga), ni onyo kwamba humo mnaweza kuwa na mizinga au makombora ya mazoezi saa fulani; nchi nyingi hazikukatazi kisheria, akili yako ndiyo inayokukataza. Utaona juu ya bahari kuu kuna D tu, kwa kuwa hakuna nchi yenye mamlaka ya kumfungia mtu anga huko. Saa za matumizi zimo kwenye kitabu cha taarifa za anga na kwenye NOTAM, matangazo kwa marubani, za siku hiyo. "Kukuta hazina mtu" kwa macho si kipimo. Kombora huondoka na mtu wake humwoni.

Nina tableti yenye GPS. Bado nibebe karatasi? Na nikipotea nifanye nini?

Tableti ni nzuri na mimi ninayo. Kasoro yake ni kwamba ukivuta picha kwa mbali, baadhi ya mipaka na maandishi hujificha, na ukivuta karibu huoni unakoelekea. Nyingine ni joto la kioo cha mbele, ambalo huizima bila kuaga. Data zake hubadilika kwa mzunguko wa siku 28 uitwao AIRAC. Hakikisha umepakua toleo la leo kabla ya kuondoka. Karatasi iwe kwenye begi, na mstari wa safari uwe umechorwa tayari, wenye alama za kila dakika kumi.

Wakati hujapotea, anza na saa, nenda kwenye ramani, kisha tazama nje: "dakika ya 20, ramani inasema reli ikutane na mto, haya, viko wapi?" Anayeanza na dirisha hupata reli na mto popote anapotaka. Ukikuta umetoka nje ya mstari, kumbuka kwamba maili moja ya kupotoka katika maili 60 ni digrii moja. Umeruka maili 30 na uko maili 2 kushoto: kosa ni digrii 4. Zimebaki maili 30 kufika? Pinda kulia digrii 8, nne za kufuta kosa na nne za kurudi unakokwenda.

Ukipotea kweli, mpangilio unageuka: sasa anza na nje. Usibadili uelekeo ovyo. Toka kwenye alama ya mwisho uliyoihakiki, kadiria umbali uliokwisha ruka, halafu chora kwa jicho duara lenye nusu kipenyo cha sehemu moja ya kumi ya umbali huo. Umo humo ndani. Tafuta kitu kikubwa kirefu, ufuko, reli, mto mpana, na utake sifa mbili au tatu zilingane kabla hujakiamini. Daraja moja halitoshi. Madaraja yanafanana kama mapacha. Panda juu kama mawingu na sakafu ya anga vinaruhusu, utaona mbali na redio itafika. Kisha ongea: kwenye mawimbi uliyokuwa ukitumia, na kukiwa kimya, 121.5, mawimbi ya dharura. Sema uko VFR, hujui ulipo, una mafuta ya dakika ngapi. Fanya hivyo ukiwa na mafuta ya saa moja, si ya dakika kumi.